Kichwa Kikigongwa: Somo Kutoka kwa Mbwa wa Bern

Mtoto ameanguka kutoka mwembeni. Amelia kidogo, amenyamaza, amerudi kucheza. Jioni anaumwa kichwa, anatapika na kusinzia. Nasi twasema, "Mwacheni alale, amechoka." Mwezi huu tuone kwa nini maneno hayo ni ya hatari.

Fuvu la mtu mzima ni kama sanduku la mfupa lisilotanuka. Ndani yake mna ubongo, damu, na maji ya ubongo yapatayo mililita 150. Damu ikivujia humo, au ubongo ukivimba, nafasi haiongezeki. Mwanzoni maji na damu ya mishipani husogea na kupisha. Ndiyo maana mgonjwa huonekana mzima. Nafasi hiyo ikiisha, shinikizo hupanda upesi na ubongo hukosa damu.

Mambo haya yalichunguzwa kwa wanyama. Mwaka 1901, mjini Bern, Uswisi, daktari Mmarekani Harvey Cushing alitoboa fuvu za mbwa, akaweka kioo ili aone mishipa ya ubongo, kisha akaingiza maji ya chumvi kuongeza shinikizo. Aliona kuwa shinikizo la fuvuni likikaribia kuzidi lile la damu, mwili hupandisha shinikizo la damu ili ubongo usikose chakula. Mapigo ya moyo hupungua, na pumzi huenda ovyo.

Hata leo madaktari huziangalia dalili hizo kwa binadamu. Lakini ni dalili za kuchelewa, tusizisubiri. Mbwa hakuweza kusema kwamba kichwa chamuuma. Mtoto wetu anaweza. Tumsikilize.

Aliyeumia kichwa apelekwe hospitali mara moja tukiona:

1. Maumivu ya kichwa yanayozidi.
2. Kutapika mara kwa mara.
3. Usingizi mzito usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au degedege.
4. Mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko ya pili.
5. Mkono au mguu kulegea.

Kwa mtoto mchanga, mifupa ya fuvu haijaungana. Kwake shinikizo hukuza kichwa haraka na kuvimbisha utosi. Naye asicheleweshwe.

Tukumbuke: anayesinzia baada ya kugongwa kichwa huenda hajachoka. Tumwamshe; asipoamka vizuri, tusingoje kuche.