Diski Haiongezeki: Somo la Kubana Video za DVD



Kila msimu wa Maulidi na wa ndoa, ndugu zangu huniletea saa nyingi za video kutoka Buyenzi na Bwiza ili niziweke kwenye DVD. Baadhi yenu huuliza kwa nini tuhangaike na diski wakati simu zipo. Sababu ni kwamba mzee aliyeko Rumonge ana televisheni na deki, lakini hana kifurushi cha kupakua faili kubwa. Diski yake hupanda basi ikamfikia. Swali jingine ni gumu kidogo: kwa nini harusi mbili zilizopigwa kwa kamera ileile, diski moja inaonyesha picha safi na nyingine ina miraba miraba? Mara nyingi jibu ni bitireti.

Bitireti ni nini?

Ni idadi ya biti zinazotumika kwa kila sekunde ya video. DVD ya kawaida, ya tabaka moja, hubeba baiti bilioni 4.7. Kila baiti ina biti 8, kwa hiyo mfuko wetu wote ni megabiti 37,600. Ukiwa na dakika nyingi, kila sekunde hupata kidogo. Diski haiongezeki.

Kwa nini tubane?

Picha ya DVD katika mfumo wa PAL ina pikseli 720 kwa upana na 576 kwenda juu, na fremu 25 kila sekunde. Bila kubanwa, hata tukitumia biti 12 tu kwa kila pikseli, ingetaka megabiti 124 hivi kwa sekunde. Diski ingejaa kwa dakika 5, na khutba ya nikahi haijaisha.

Njia ya kubana inayotumika kwenye DVD ni MPEG-2, nayo hufanya mambo mawili. Kwanza, huigawa fremu katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale madogo ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi. Pili, huhifadhi fremu moja nzima, kisha katika zinazofuata huandika zaidi yale yaliyobadilika tu. Baada ya nusu sekunde hivi huweka tena fremu nzima.

Sasa fikirini. Sheikh aliyeketi anasomesha, nyuma yake ukuta mtupu, habadiliki sana. Biti chache zinamtosha. Vijana wanaopiga dufu huku wakiyumba, au maharusi wakiwa ufukweni na mawimbi ya Ziwa Tanganyika nyuma yao, hubadilika kila fremu. Biti zisipotosha, programu hutupa zaidi, na ile miraba hujitokeza.

Hesabu yenyewe

Toa kwanza asilimia 5 ya diski kwa ajili ya menyu na akiba. Zinabaki megabiti 35,700 hivi. Gawanya kwa idadi ya sekunde, kisha toa 0.2 ya sauti. Kinachobaki ni cha picha:

Dakika 60: megabiti 9.7 kwa sekunde
Dakika 90: 6.4
Dakika 120: 4.8
Dakika 180: 3.1
Dakika 240: 2.3

Kanuni za DVD haziruhusu picha kuzidi 9.8. Mimi sivuki 8, kwa sababu deki nyingi za zamani hukwama zinaposoma diski ya kuchomwa yenye bitireti ya juu sana. Kwa harusi napenda 6 na zaidi. Kwa darsa ya kuketi, hata 3.5 hutosha. Ikishuka chini ya 3, gawanya kazi kwenye diski mbili.

Mambo matano ya kushika

1. Kata kabla ya kubana. Ondoa dakika za kusubiri, na sehemu ambazo familia haikuridhia zionekane. Unalinda sitara ya watu, na sekunde zilizobaki zinapata biti zaidi.

2. Weka kamera kwenye stendi na tafuta mwanga. Mtikisiko na chengachenga za gizani, kwa programu, ni mabadiliko tu. Vinakula biti bure.

3. Angalia sauti. PCM isiyobanwa hula megabiti 1.5 kwa sekunde, ilhali AC-3 ya 0.192 inatosha kwa maneno ya darsa.

4. Chagua bitireti inayobadilika, ya mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza programu huipima video. Wa pili hugawa biti, ikiipa dufu nyingi na dua kidogo.

5. Usibane kilichokwisha kubanwa. Kipande kilichopitia WhatsApp kimeshapoteza mengi. Kukipa megabiti 8 hakurudishi kilichotupwa; unapata faili kubwa yenye picha mbovu ileile.

Hili la tano ndilo zito zaidi. DVD ni nakala ya kutazama, si hifadhi. Saa moja ya kanda ya MiniDV ikiingizwa kwenye kompyuta huchukua gigabaiti 13 hivi, na watu huifuta upesi ili kupata nafasi. Harusi tunaweza kuisimulia. Lakini darsa za wazee wetu nyingine zipo katika kanda moja tu, na aliyesomesha akishafariki hatuwezi kumwomba arudie. Basi wekeni faili asilia kwenye diski kuu mbili, katika nyumba mbili tofauti, kisha ndipo mchome DVD za kugawa. Tumekabidhiwa amana, na wanaotufuata watataka kusikia maneno hayo.

Zoezi: Darsa ina dakika 150 na sauti ni 0.192. Picha ipewe bitireti gani? Ukipata karibu 3.8, somo limeingia.

Wabillahi tawfiq.