Moshi Urudio Katika Injini ya Dizeli

Zamani mizigo ya Tabora ilichukuliwa na wapagazi katika njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Leo tumbaku na mahindi huchukuliwa kwa magari na matrekta ya dizeli. Nyingi za mashine za siku hizi hurudisha sehemu ya moshi wake ndani ya injini. Matrekta ya zamani hayafanyi hivyo. Wako wadhanio kuwa ni ubovu, wakaiziba njia hiyo kwa bati. Wanakosea.

Sababu ya kurudisha moshi

Mkulima wa tumbaku ya mvuke ajua kwamba akipunguza hewa katika tanuri la bani, moto hupungua ukali. Injini nayo ni vivyo hivyo. Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Moto ukiwa mkali mno ndani ya silinda, hizo mbili huungana zikawa gesi mbaya. Gesi hiyo hudhuru mapafu. Tena, ikipigwa na jua pamoja na mvuke wa mafuta, hufanya ozoni, ambayo hutia madoa majani ya tumbaku na maharage.

Moshi uliokwisha ungua una oksijeni kidogo. Basi vali hufunguka, moshi kidogo hutoka katika ekzosi, hupozwa kwa maji ya rejeta, kisha huchanganyika na hewa mpya. Moto hupungua ukali. Injini ikivuta mzigo mzito, vali hufungwa ili ipate hewa yote.

Dalili za ubovu

1. Moshi mweusi na nguvu kupungua: huenda masizi yameifanya vali ikwame wazi.

2. Maji ya rejeta kupungua bila kuonekana yavujapo: huenda kipoza moshi kimetoboka. Simamisha gari. Maji yakiingia katika silinda, injini yaweza kufa kabisa.

Mambo ya kufanya

1. Safisha chujio la hewa mara kwa mara, hasa kiangazi.

2. Tumia dizeli safi, isiyo na maji wala taka.

3. Usiache injini ikinguruma bure kwa muda mrefu.

4. Fundi aifungue vali na kuondoa masizi, injini ikiwa baridi.

Fanya hayo kabla ya msimu wa kupeleka tumbaku sokoni. Gharama ya kusafisha vali ni ndogo kuliko hasara ya kukwama porini na mzigo wa mwaka mzima.