Rais Akizuia Haki, Nani Atamshitaki?

Ndugu Waislamu, kijana mmoja wa darasa letu hapa Mirongo, Mwanza, aliniuliza: Rais akiizuia sheria isimfikie mhalifu, nani atamshitaki?

Jibu limo ndani ya Katiba yetu. Ibara ya 46 inakataza kumfungulia Rais kesi ya jinai akiwa madarakani. Lakini Ibara ya 46A inalipa Bunge uwezo wa kumshitaki na kumwondoa. Taarifa ya hoja itiwe saini na asilimia 20 ya wabunge wote. Theluthi mbili wakiiunga mkono, huundwa Kamati Maalum ya Uchunguzi, Jaji Mkuu akiwa mwenyekiti. Kumwondoa Rais kunahitaji theluthi mbili tena.

Tatizo liko wapi? Jaji Mkuu huteuliwa na Rais. Mbunge naye, kwa Ibara ya 71, akifukuzwa chamani hupoteza kiti. Na mwenyekiti wa chama tawala, kwa desturi, ndiye Rais. Nani atamhukumu aliyeshika riziki yake? Mwaka 2008 Bunge lilipochunguza sakata la Richmond, aliyejiuzulu ni Waziri Mkuu, Edward Lowassa. Ngazi ya juu yake haikuguswa.

Mtume (s.a.w.) alipoombewa amsamehe mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyeiba, alikasirika. Alifundisha kuwa waliotangulia waliangamia kwa kuwaacha wakubwa na kuwaadhibu wanyonge.

Basi tunapodai Katiba mpya, tudai na hili: mbunge asipoteze kiti kwa kutofautiana na chama chake. Bila hivyo, Ibara ya 46A ni upanga uliofungiwa alani.