Ushahidi wa Bibi Khadija



Wenzangu, katika darasa letu la mwezi uliopita ndugu mmoja wa mwaka wa nne aliuliza swali lililotunyamazisha: "Kaka yangu alimaliza chuo miaka mitatu iliyopita na mpaka leo yuko nyumbani. Mimi nasoma kwa ajili ya nini?" Wapo waliomwambia avute subira, wapo waliomkumbusha kwamba Muislamu hakati tamaa na rehema ya Mola wake. Ni maneno ya kweli, lakini alitoka vilevile alivyoingia.

Turudi kwenye kisa tulichofundishwa madrasa. Mtume (s.a.w.) amerejea kutoka pango la Hira, anatetemeka, anaomba afunikwe, anasema anaihofia nafsi yake. Tazama Bibi Khadija (r.a.) alivyomjibu. Katika riwaya ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo mwanzoni mwa Sahihi Bukhari, hakuishia kumwambia kwamba mambo yatakuwa mazuri. Aliapa kwamba Mwenyezi Mungu hatamfedhehesha, kisha akataja sababu moja moja: anaunga udugu, anambebea mzigo asiyejiweza, anampa asiye na kitu, anamkirimu mgeni, anawasaidia waliofikwa na misiba. Zote ni kazi alizokuwa akiwafanyia watu kabla hata ya wahyi. Yaani alipotaka kumpa mumewe matumaini ya kesho, ushahidi aliutoa katika matendo yake ya jana.

Sura Adh-Dhuha inafuata njia hiyohiyo. Iliteremka baada ya wahyi kusita kwa muda, Mtume akiwa na huzuni. Inamhakikishia kwamba hakuachwa, inamkumbusha uyatima wake na umasikini wake, halafu (hapa ndipo tunapopita mbio tunaposoma) inamrudisha kwa watu: yatima asionewe, muombaji asikaripiwe, neema za Mola zisimuliwe.

Hapa Kigali kuna atakayesema, umuganda si tunafanya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi? Tunafanya, na una faida zake, lakini ule ni wajibu wa kisheria. Mimi nasema juu ya zile saa mbili ambazo hakuna anayekudai.

Mwaka jana kikundi chetu kilianza kupeleka uji hospitalini Jumapili asubuhi. Mnajua desturi yetu: mara nyingi chakula cha mgonjwa huletwa na jamaa zake, na asiye na jamaa mjini hutegemea huruma ya jirani wa kitanda. Nikiri kwamba nilikwenda kwa ajili ya cheti. Siku ya kwanza nilirudi na moyo mzito kuliko nilivyokwenda, maana wagonjwa walikuwa wengi na uji uliisha kabla hatujafika nusu ya wodi. Jumapili ya tatu sikwenda. Niliporudi ya nne, mzee mmoja aliyevunjika mguu akaniuliza, "Kijana, wiki iliyopita ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Kwa miezi mingi nilikuwa natuma barua za kuomba nafasi ya mafunzo kazini bila kujibiwa, wala hakuna aliyejua kama nipo au sipo. Huyu mzee alikuwa ananisubiri. Barua bado hazijajibiwa, lakini siku hizi naziandika bila ule uchungu.

Tusidanganyane, kujitolea si njia ya mkato ya kupata ajira. Tena wapo wanaomtumikisha kijana mwaka mzima bila hata nauli, wakaita huko ni kujitolea. Hiyo ni dhuluma, ikataeni. Na tafadhali, mgonjwa hapigwi picha ya kuweka mtandaoni.

Yule ndugu wa mwaka wa nne amekubali kwenda nasi Jumapili hii. Tunaondoka langoni saa moja na nusu asubuhi. Vikombe tunavyo, tumepungukiwa sukari, na mtu wa pili wa kushika sufuria.