"Mtoto wa Mgiriki": a-unganifu na asili ya mwenye ng'ombe wa Futuka

Kwetu Butembo na Beni, mzee akitaja "maduka ya Wagiriki" haulizwi maana yake. Anasema juu ya wafanyabiashara wa wakati wa mkoloni, ambao wengi wao walipoteza mali baada ya tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazaire. Maduka yalibadilisha wenyewe, jina likabaki. Hapa nataka kulichunguza jina hilo, pamoja na neno dogo linalolitangulia, wa, kwa kufuata maisha ya Moïse Katumbi Chapwe. Wengi tunamjua kwa TP Mazembe na kwa siasa. Lakini karibu na Lubumbashi yeye pia ni mfugaji: Futuka, shamba lake kubwa la ng'ombe na mahindi, ndilo ambalo sisi Kanyabayonga tungeliita ferme.

Katumbi alizaliwa Kashobwe, upande wa Luapula, tarehe 28 Desemba 1964. Mama yake ni Mkongomani. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes aliyekuja kutafuta maisha Katanga. Watu humwita Mgiriki, na magazeti pia. Tazama basi mpangilio wetu wa ngeli: Mnande husema Kinande, Mfaransa husema Kifaransa na kwao ni Ufaransa. M-, Ki- na U- hutufanya tuamini kwamba mtu, lugha na nchi ni kitu kimoja. Soriano anauvunja mpangilio huo. Rhodes ilitawaliwa na Italia tangu 1912, na iliunganishwa na Ugiriki mwaka 1947 tu. Tena lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa kisiwa hicho haikuwa Kigiriki, ilikuwa Ladino, Kihispania cha kale ambacho mababu zao walitoka nacho walipofukuzwa Hispania mwaka 1492. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwapeleka Auschwitz zaidi ya watu 1,600 wa jumuiya hiyo. Waliorudi walikuwa kama 150. Walionusurika kwa wingi ni wale waliokuwa wamekwisha kuhama, wengine wakiwa Lubumbashi. Kwa hiyo "Mgiriki" wa Kongo ni jina la ramani ya baadaye.

(Na Mkongomani, je? Hakuna Kikongomani. Kikongo ni cha Wakongo wa magharibi. Sisi wenyewe hatutoshi katika mpangilio huo.)

Mwaka 2021 bungeni kuliletwa mswada uliotokana na wazo la Noël Tshiani: rais awe Mkongomani wa baba na mama. Wengi waliona mara moja kwamba unamlenga mwenye Futuka. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 72, hudai uraia wa asili. Kifungu cha 10 kinaeleza asili hiyo kwa kabila lililokuwamo nchini wakati wa uhuru, bila kuhesabu wazazi. Mswada uliingiza mambo mawili ya sarufi. Kwanza wa, ambayo katika Kiswahili hubeba umiliki, mahali, uzazi na mengine mengi, ikaamriwa ibebe uzazi peke yake. Pili na, ambayo ilifunga mlango kwa mwenye mzazi mmoja tu. Tukisema "ng'ombe wa Futuka" hakuna anayeuliza dume lilinunuliwa wapi; ni wa pale alipolishwa.

Tena desturi zetu hazikubaliani na mswada huo wala zenyewe kwa zenyewe. Kwa Wanande mtoto ni wa baba. Kwa Wabemba na majirani wao wengi wa Luapula, ukoo hufuata mama. Kwa kanuni ya kwanza Katumbi ni mtoto wa Mgiriki. Kwa kanuni ya pili ni wa nyumbani kabisa, wala baba haingii katika hesabu. Ndugu yake wa baba, aliyekuwa Raphaël Soriano, anajulikana kwa jina la Katebe Katoto. Majina hayo ya Kiafrika yanastahili makala yake.

Suala la uraia lilimfuata kwa njia nyingine pia: mwaka 2018 ilijulikana kwamba aliwahi kuwa na uraia wa Italia hadi 2017, na mwezi wa Agosti alizuiwa kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Mswada haukupitishwa kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023. Aligombea, akawa wa pili nyuma ya Félix Tshisekedi.

Nimechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Hapa Kanyabayonga, ambapo Kinande na Kinyarwanda husikika katika soko moja, na ambapo M23 waliingia mwezi wa Juni 2024, swali "wewe ni wa wapi?" haliulizwi kwa ajili ya mazungumzo tu. Mwenye kuulizwa huchagua kwanza kama atajibu kwa kijiji, kwa baba au kwa lugha, na huchagua upesi.