Monita moja, kompyuta mbili

SWALI: Nina duka la steshenari Kirumba, Mwanza. Natumia kompyuta ya mezani na laptopu, ila monita ni moja. Kutwa nachomoa na kuchomeka waya wa HDMI, na tundu limeanza kulegea. Nifanyeje?

JIBU: Acha kuchomoa leo hii, ndugu yangu. Ongeza waya wa pili, kila kompyuta iwe na tundu lake kwenye monita; kama HDMI ni moja tu, ya mezani ipe VGA. Kisha fungua menyu ya monita yenyewe uwashe DDC/CI, utaratibu wa VESA (shirika la viwango vya skrini) wa 1998 unaoiwezesha kompyuta kuiamuru monita kupitia waya uleule wa picha.

Kwenye Windows, pakua ControlMyMonitor, programu ya bure ya kutuma amri hizo. Msimbo 60 ndio wa kuchagua tundu: mara nyingi 17 ni HDMI ya kwanza, 1 ni VGA, ingawa watengenezaji wengine wana namba zao. Programu hiyo iweke kwenye kompyuta zote mbili, maana baadhi ya monita huitii ile tu inayoonekana kwa wakati huo. Adapta za bei rahisi za HDMI kwenda VGA zikwepe kabisa. Nyingi hazipitishi amri hizi. Kibodi na mausi hazihami na picha, kwa hiyo ya mezani ibaki na zake.