Baba Akipata Nafuu, Sindano Msiikatize

Sogea karibu mdogo wangu, tuongee lile mnalolinong'ona nyumbani. Baba alikuwa halali kwa kiuno na mgongo, mkampeleka hospitali, ikaonekana saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa. Akachomwa sindano ya homoni, wiki chache tu maumivu yakatulia, sasa yuko shambani na jembe. Mnasema kapona, nauli ya Morogoro au Dar heri inunue mbolea. Wengi huwaza hivyo, sikulaumu. Lakini nisikilize: hajapona. Kapata nafuu, na nafuu hiyo imeshikwa na dawa.

Saratani hii hustawi kwa testosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa zaidi kwenye korodani. Charles Huggins wa Chicago alilionyesha hilo mwaka 1941, akaja kupewa Tuzo ya Nobel 1966. Sindano huizima homoni hiyo. Zipo za kila wiki 4, zipo za wiki 12. Mkiruka tarehe homoni inarudi, na kipimo cha damu kiitwacho PSA kinaweza kupanda kabla mgongo haujauma. Kusimamisha dawa ni kauli ya daktari, si yenu.

Nauli ikiwashinda, semeni, msipotee. Upo upasuaji wa kuondoa korodani, wa mara moja tu, unaofanya kazi ileile. Najua wanaume wanavyolihofia jambo hilo, ndiyo maana uamuzi ni wa baba na mama, si wa kikao cha ukoo. Wewe binti unaona haya kumweleza? Mtafute mjomba, au mzee wa rika lake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na mama aambiwe ukweli. Matibabu haya hupunguza hamu ya tendo la ndoa na nguvu zake, huleta joto na jasho la ghafla, huchosha, hudhoofisha mifupa. Mama asiyejua atadhani kuna nyumba ndogo, na baba atanyamaza akijiona si mwanaume tena. Msimcheke jamani. Mwacheni aendelee kuamua mambo ya nyumba yake.

Ipo siku dawa hii inaweza kuzidiwa. Hospitali ya saratani ya Ocean Road, kule Dar, wana njia nyingine za kujaribu. Ila miguu ikimlegea ghafla au mkojo ukigoma, usimkande maji moto ukingoja kukuche. Mkimbize saa hiyohiyo, Hospitali ya Wilaya Kilosa au Mtakatifu Kizito Mikumi, kwani uti wa mgongo ukibanwa na saratani muda mrefu, anaweza asitembee tena.